Maswali na majibu: vimeng'enya vinavyogeuza bua kuwa sukari

Tangu nilipoandika kwamba mabua tunayoyachoma shambani yamejaa sukari iliyofungwa, na kwamba wapo wataalamu wanaohangaika kuviboresha vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia) vya kuifungua, maswali hayajakatika. Nimeanza na haya.

Ugali ni glukosi, ubao nao ni glukosi. Mbona mmoja unashibisha na mwingine hapana? (Mwanafunzi, Morogoro)

Yote ni katika kushikana. Ndani ya wanga wa ugali, glukosi, yaani chembe ndogo za sukari, zimeungana kwa pembe inayoufanya mnyororo ujipinde kama springi, kwa hiyo maji na mate vinapenya. Ndani ya selulosi, yaani nyuzi za ubao, bua na pamba, kila glukosi imepinduliwa kichwa chini ikilinganishwa na jirani yake. Mnyororo unanyooka, na minyororo iliyonyooka inalala ubavu kwa ubavu na kubanana kama ukili uliosukwa ukakazwa. Ukiiacha kwenye maji ya kawaida bila kichocheo, nusu ya vifungo vinavyoziunganisha glukosi vingehitaji takriban miaka milioni 5 kukatika. Mwili wa binadamu hautengenezi kimeng'enya cha kuvikata. Kuvu wanacho.

Kuvu hao walipatikana wapi? (Msomaji, Nakuru)

Kwenye mahema yaliyooza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Marekani waliokuwa Visiwa vya Solomon waliona mahema na mikanda yao ya pamba ikiozea mikononi. Jeshi likakusanya sampuli ili kujua kinachoila pamba. Sampuli moja, iliyopewa alama QM6a, ilikuwa na kuvu mwenye nguvu za ajabu. Watafiti Elwyn Reese na Mary Mandels wakamchunguza kwa miaka mingi katika maabara ya jeshi huko Natick, Massachusetts, na mwaka 1977 akaitwa *Trichoderma reesei* kwa heshima ya Reese. Kazi ilianza kwa kutafuta namna ya kuzuia uozo. Leo wazao wa kuvu huyo ndio wanaofugwa kwenye matangi makubwa ili kuuharakisha.

Ni kweli jinzi zinachakazwa kwa vimeng'enya? (Fundi nguo, Mombasa)

Kweli. Rangi ya bluu ya jinzi imekaa juu juu ya uzi. Kimeng'enya kinaguguna nyuzi za juu, rangi inabanduka nazo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kimechukua sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na mawe ya pumisi. Kikiachwa muda mrefu mno, kitambaa kinalegea.

Mnaposema "kuboresha", mnagusa nini hasa? (Mwalimu wa biolojia, Dodoma)

Mwalimu, hapa ndipo moyo wangu ulipo. Chukua kimeng'enya kikuu cha kuvu huyo, Cel7A. Umbo lake lilianikwa mwaka 1994 na watafiti wa Uppsala, Sweden. Kina kiwiliwili chenye handaki, mkia mrefu, na kwenye ncha ya mkia kuna kiguu cha kung'ang'ania selulosi. Uzi mmoja wa selulosi unang'olewa kutoka kwenye kifurushi, unaingizwa mdomoni mwa handaki, na upande wa pili zinatoka glukosi mbilimbili. Kukata kwenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kuushika uzi, kuung'oa, na baadaye kuuachia.

Watafiti wa Denmark walilionyesha hili vizuri mwaka 2014. Katikati ya handaki kuna triptofani, asidi amino (tofali la protini) kubwa inayoushika uzi. Wakaweka alanini, iliyo ndogo, mahali pake. Mshiko ukalegea, na ungedhani kazi imeharibika. Lakini selulosi ilipokuwa nyingi, kasi ilipanda, kwa sababu kimeng'enya kiliacha kunasa kwenye uzi uliokwama.

Njia nyingine ni kuchanganya viungo. Kuvu aitwaye *Penicillium funiculosum* ana Cel7A yake, na utafiti uliotoka mwaka 2018 uliikuta ikifanya kazi kwenye mabaki ya mimea kwa asilimia 60 zaidi ya ile ya Trichoderma. Wakabadilishana mikia, viguu na viwiliwili baina ya hizo mbili, wakagundua ubora uko kiwiliwilini. Kisha wakafanya mabadiliko mawili madogo tu kwenye ile ya Trichoderma, ikaikaribia ya mwenzake. Mawili, katika protini yenye mamia ya asidi amino! Kila nikilifikiria jambo hilo nafurahi upya.

Si mngemwaga vimeng'enya vingi zaidi tu? (Mhandisi, Dar es Salaam)

Wewe unaijua foleni. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walivitazama vimeng'enya hivi vikitembea juu ya selulosi, kwa darubini inayopapasa badala ya kuangaza. Cha mbele kilipokwama, vya nyuma vilisimama vikapangana. Ukiongeza vingine vya aina ileile unaongeza magari barabarani. Kinachosaidia ni aina tofauti zinazofungua njia, vikiwemo vimeng'enya vyenye shaba ndani yake, vilivyojulikana kuanzia mwaka 2010, vinavyoukata uso mgumu wa selulosi bila kuhitaji handaki.

Nasoma "kasi imeongezeka mara kumi". Mbona mafuta ya magari yatokanayo na sukari ya mabua hayajajaa vituoni? (Msomaji, Arusha)

Uliza kwanza: kasi ilipimwa kwenye nini? Kipimo kilichozoeleka ni kipande cha karatasi ya chujio ya Whatman namba 1, upana sentimita 1 na urefu sentimita 6, uzito miligramu 50, kinachokaa na kimeng'enya saa moja kwenye nyuzi joto 50. Wengine hutumia selulosi iliyofanyiwa kemia hadi ikayeyuka kwenye maji, laini kama uji. Kimeng'enya kilichochaguliwa kwa kushinda kwenye uji kinaweza kushindwa kabisa kwenye bua. Bua lina lignini, gundi ngumu ya mmea, inayokinasa kimeng'enya bure, na hata sukari inayotoka inakizuia kimeng'enya. Mimi dai la mara kumi lisilotaja bua, pumba wala ubao silibebi.

Nikisaga mchwa nikamwagia mabua, nitapata kitu? (Mkulima, Singida)

Hapana, ndugu yangu. Mchwa hutafuna kwanza hadi unga, na tumboni ana vijidudu visivyoonekana vinavyomsaidia. Ukimsaga unavuruga yote. Lakini tumbo la ng'ombe wako ni tangi la vimeng'enya unalolimiliki tayari, na unaweza kulisaidia. Yeyusha kilo 4 za urea kwenye maji, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, funika pasiingie hewa kwa wiki tatu. Urea inageuka amonia, amonia inailegeza mihimili ya bua, na vimeng'enya vinapata pa kuingia. Funua na uyaache yapigwe na upepo kabla ya kulisha, usiwape ndama wadogo, na usizidishe urea maana inaua. Kiasi cha maji muulize bwana mifugo wa kata yako.