Prosesa inapozwa kwa maji lakini mchana inachemka, pampu imekufa?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi niko Ipuli, Tabora, nina kompyuta ya mezani ya Core i7-9700K, nimeiovakloki (nimeiongezea spidi kuliko ya kiwandani) mpaka gigahezi 5.0 kwenye kori zote nane, yaani vichakataji vidogo vilivyo ndani ya prosesa, na naipoza kwa maji, rejeta ya milimita 240. Asubuhi nikiipima inasoma nyuzi 70 na chumba kiko 22, saa nane mchana inafika 81 na chumba kiko 33. Fundi anasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Ninunue kweli?

JIBU: Mdogo wangu, hela yako iache mfukoni kwanza. Toa joto la chumba kwenye kila kipimo: 70 toa 22 ni 48, 81 toa 33 ni 48 vilevile, yaani mtambo unafanya kazi ileile asubuhi na mchana, kilichobadilika ni hali ya hewa ya Tabora tu. Maji hayo yanapozwa na hewa ya chumbani, hayawezi kushuka chini yake hata ukifunga feni kumi.

Pampu ikifa kweli utajua haraka sana, maana ukiipa prosesa mzigo inapanda ndani ya muda mfupi mpaka nyuzi 100 ambayo ndo mwisho wake, halafu inajipunguzia spidi yenyewe. Na shika ile mipira miwili inayoingia kwenye rejeta, kama prosesa inaungua huku mipira na rejeta bado ni baridi, basi maji hayazunguki.

Sasa kupima kwenyewe. Watu wengi wanawasha Prime95, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, dakika tano wanapiga picha ya skrini wanaanza kutamba, kumbe maji bado hayajapata moto, maji yanameza joto jingi kabla ya kupanda, kwa hiyo ipe nusu saa nzima. Voltiji na gigahezi vifunge kwenye baiosi (menyu ya mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa wakati inawaka) usiache oto, feni na pampu ziwe spidi moja muda wote, alafu HWiNFO, programu ya kusoma joto, iwe inarekodi na uchukue wastani wa dakika za mwisho, siyo ile namba kubwa iliyoruka mara moja. Umeme ukikatika katikati anza upya, maji yameshapoa hayo. Na kipimajoto kiweke karibu na feni zinapovuta hewa, cha ukutani kinaweza kukudanganya.

Kiangazi hiki na vumbi letu, puliza rejeta kabla hujapima, mapezi yakiziba hiyo 48 itapanda na hapo ndo una haki ya kulalamika.

Kama 81 bado inakunyima usingizi, shusha voltiji kidogo kidogo, joto linafuata mraba wa voltiji, kutoka volti 1.35 kwenda 1.30 tu unapunguza kama asilimia 7 ya wati, na ikimaliza nusu saa bila kuganda umepata unafuu bila kutoa hata mia.