Maswali ya Wasomaji: Namna Marekani Ilivyolipa Deni la Vita, 1945–1955

Makala yetu kuhusu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia imetuletea barua nyingi, na nyingi kati yake zinauliza jambo linalokaribiana: nchi iliyotoka vitani ikiwa na nguvu kuliko zote iliwatendea nini watu wake walioipigania, na jambo hilo liliigeuzaje katika miaka kumi iliyofuata? Tumezichagua barua zinazoshikana ili majibu yake yasomwe kwa mfululizo.

SWALI: Babu yangu alipigana Burma akiwa katika King's African Rifles, na aliporudi hakupata ardhi wala mkopo wala shule. Nasikia askari wa Marekani waliotoka vita hivyohivyo walisomeshwa vyuo vikuu na kupewa nyumba. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni kwa sababu tu nchi yao ilikuwa tajiri? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli kwa sehemu kubwa, ila nyumba hazikugawiwa bure. Sheria unayoisikia ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 22 Juni 1944, majuma mawili hivi baada ya majeshi ya washirika kutua Normandy. Ilimpa askari aliyeondoka jeshini bila doa ada ya masomo hadi dola 500 kwa mwaka pamoja na posho ya kujikimu, dhamana ya serikali katika mkopo wa nyumba, shamba au biashara, na dola 20 kwa wiki kwa muda usiozidi wiki 52 endapo hakuwa na kazi. Dola 500 wakati ule zilitosha kulipa ada ya mwaka hata Harvard. Kufikia mwaka 1956, kati ya watu wapatao milioni 16 waliotumika jeshini, milioni 7.8 hivi walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa sheria hiyo, na milioni 2.2 kati yao waliingia vyuoni. Wengi wa hao walikuwa watoto wa wakulima na wa vibarua wa viwandani, ambao kabla ya vita wasingethubutu hata kuomba nafasi.

Utajiri peke yake haulielezi jambo hili. Marekani haikuwa maskini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini askari wa vita ile waliambulia ahadi iliyopitishwa mwaka 1924, ya bonasi ambayo ingelipwa mwaka 1945. Mdororo wa uchumi ulipowakuta hawana kazi, maelfu yao walipiga kambi Washington mwaka 1932 wakidai walipwe mapema, na mwezi Julai Jenerali Douglas MacArthur akawafurusha kwa vifaru, askari wa farasi na mabomu ya machozi. Wanasiasa wa mwaka 1944 walikuwa hawajaisahau aibu hiyo, na waliogopa kitakachotokea mamilioni ya vijana waliofundishwa kutumia silaha wakirudi na kukuta viwanda vimefungwa. Chama cha askari wastaafu cha American Legion ndicho kilichoandaa rasimu ya sheria na kuisukuma bungeni. Kwa maoni yangu, hofu ilifanya kazi kubwa zaidi kuliko shukrani. Serikali ya kikoloni haikuwa na sababu ya kuiogopa kura ya babu yako, kwa kuwa hakuwa nayo. Kule Kenya mpango wa kuwapa askari mashamba baada ya vita ulikuwepo, lakini ulikuwa wa wazungu.

SWALI: Mwalimu wetu alisema sheria hiyo haikutaja rangi ya mtu popote, na papo hapo akasema watu weusi hawakufaidika nayo kama wazungu. Mambo hayo mawili yanapatanaje? — Mwanafunzi wa chuo kikuu, Eldoret

JIBU: Yanapatana ukiuliza ni nani aliyeketi upande wa pili wa meza maombi yalipopelekwa. John Rankin wa Mississippi, aliyeongoza kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoishughulikia sheria hiyo, alipigania utekelezaji uachwe mikononi mwa majimbo na taasisi za mahali, kwa kuwa alijua kwamba ofisi za kwao zingefanya kazi ambayo maneno ya sheria hayakuifanya. Serikali ya Washington ilidhamini mkopo, lakini uamuzi wa kuutoa ulikuwa wa benki. Ililipa ada, lakini uamuzi wa kumpokea mwanafunzi ulikuwa wa chuo. Na kazi za waliorudi zilipangwa na ofisi za ajira za majimbo, ambazo kusini zilimpeleka fundi mweusi kwenye kazi ya kibarua hata kama jeshini alikuwa ametengeneza injini kwa miaka mitatu. Uchunguzi uliofanywa katika miji ya Mississippi mwaka 1947 ulikuta kwamba kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa askari wa zamani, ni 2 tu iliyokwenda kwa watu weusi, katika jimbo ambalo karibu nusu ya wakazi wake walikuwa weusi.

Wala jambo hili halikuwa la kusini peke yake. Kati ya mwaka 1947 na 1951, kampuni ya Levitt ilijenga zaidi ya nyumba 17,000 kwenye mashamba yaliyokuwa ya viazi katika Long Island, karibu na jiji la New York, na familia za askari zilimiminika huko, maana mkopo wenye dhamana ya serikali ulimwezesha kijana kuingia nyumbani kwake karibu bila kutanguliza fedha. Mikataba ya mwanzo ya Levittown ilikataza waziwazi nyumba kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mwezi Mei 1948 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kutumiwa kutekeleza masharti ya namna hiyo, lakini uamuzi haukumlazimisha mjenzi kumuuzia mtu asiyemtaka. Isitoshe, idara ya serikali iliyokuwa ikikatia bima mikopo ya nyumba iliendelea kuhesabu mtaa wenye wakazi weusi kuwa mtaa wa hatari. Kati ya mwaka 1940 na 1960, sehemu ya kaya za Marekani zilizomiliki nyumba zao ilipanda kutoka asilimia 44 hivi hadi asilimia 62. Nyumba ndiyo mali ambayo familia ya kawaida ya Marekani huwaachia watoto wake, kwa hiyo aliyefungiwa mlango mwaka 1948 alifungiwa pamoja na wajukuu wake.

Hata hivyo, mwalimu wako asikufanye uamini kwamba hawakupata chochote. Maelfu waliingia vyuo vya watu weusi, ambavyo vilijaa hadi vikalazimika kuwakataa wengine. Mmoja wao alikuwa Medgar Evers, aliyekuwa ametumika Normandy, na ambaye mwaka 1946 alizuiwa na wazungu wenye silaha alipokwenda kupiga kura Decatur, Mississippi, mji aliozaliwa. Alisoma Chuo cha Alcorn kwa fedha za sheria hiyohiyo, na mwaka 1954 akawa mwakilishi wa kudumu wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, katika jimbo zima.

SWALI: Wanawake waliofanya kazi viwandani wakati wa vita walikwenda wapi? — Msomaji wa kike, Zanzibar

JIBU: Wengi waliachishwa kazi ndani ya miezi michache, ama waziwazi, ama kwa taratibu za kumrudishia askari nafasi aliyoiacha. Mwaka 1945 wanawake walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wote; miaka miwili baadaye sehemu yao ilikuwa imepungua sana. Magazeti na matangazo ya biashara ya miaka hiyo yanaonyesha mke aliyetulia jikoni, na ni kweli kwamba watoto waliozaliwa waliongezeka hadi kufikia milioni 4.3 mwaka 1957. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1950 wanawake wenye waume walikuwa wakirudi kazini kwa wingi, safari hii katika ofisi, maduka na shule, kwa mishahara midogo kuliko ile ya viwanda vya silaha. Kuhusu deni la vita, tazama marubani wa kike wapatao 1,000 waliorusha ndege za jeshi ndani ya nchi: 38 walikufa kazini, lakini walihesabiwa kuwa raia, hawakupata kitu katika sheria ya 1944, na hawakutambuliwa kuwa askari hadi mwaka 1977.

SWALI: Rais Truman alitoka Missouri, na wazee wake walimiliki watumwa. Ilikuwaje akawa yeye aliyeamuru ubaguzi ukome jeshini? Alibadilika moyo, au alitafuta kura? — Msomaji, Bujumbura

JIBU: Yote mawili, na ni vigumu kuyatenganisha. Tarehe 12 Februari 1946, Sajini Isaac Woodard, saa chache baada ya kuachishwa jeshi huko Georgia na akiwa bado amevaa sare, alibishana na dereva wa basi aliyemkatalia kushuka kwenda msalani. Katika mji wa Batesburg, South Carolina, dereva aliita polisi, na mkuu wa polisi, Lynwood Shull, akampiga Woodard kwa rungu machoni hadi akapofuka kabisa. Walter White, kiongozi wa NAACP, alimsimulia Truman kisa hicho mwezi Septemba, na Truman, ambaye mwenyewe alikuwa kapteni wa mizinga katika vita vya kwanza, alighadhibika. Kabla ya mwaka kwisha aliunda kamati ya rais ya haki za raia.

Kura nazo zilikuwepo. Mamia ya maelfu ya watu weusi walikuwa wamehamia miji ya kaskazini na California, ambako walipiga kura bila kizuizi, na A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala, alitamka mbele ya Seneti kwamba angewahimiza vijana weusi wakatae kuandikishwa katika jeshi linalowatenga. Tarehe 26 Julai 1948, majuma mawili baada ya wajumbe wa kusini kutoka nje ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, Truman alitoa amri namba 9981. Hakupeleka muswada bungeni, kwa sababu maseneta wa kusini wangeuzungumza hadi ufe. Strom Thurmond, gavana wa South Carolina, aligombea urais kwa tiketi ya waliojitenga, akachukua majimbo 4; Truman akashinda hivyohivyo. Majenerali wa jeshi la nchi kavu waliburuta miguu hadi upungufu wa askari huko Korea ulipowalazimisha, na kikosi cha mwisho cha weusi watupu kilivunjwa mwaka 1954.

Lakini matokeo makubwa ya kisa cha Woodard, kwa maoni yangu, yalitokea mahali ambapo hapakutarajiwa. Shull alishtakiwa, na jopo la raia, wote wazungu, lilimwachia huru kwa chini ya nusu saa. Jaji aliyesikiliza kesi hiyo, J. Waties Waring, mtoto wa askari aliyepigania upande wa kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alitoka mahakamani akiwa mtu mwingine. Mwaka 1947 aliamuru watu weusi waruhusiwe kushiriki kura za mchujo za chama cha Democratic katika South Carolina. Mwaka 1951, katika kesi ya Harry Briggs, mhudumu wa kituo cha mafuta aliyekuwa ametumika katika jeshi la majini, aliandika peke yake, kinyume cha majaji wenzake wawili, kwamba kutenga watoto shuleni ni kukosa usawa kwenyewe. Kesi hiyo ilikuwa mojawapo ya zile zilizounganishwa na kuamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 17 Mei 1954 kwa jina la Brown, kwa kauli ya majaji wote 9: kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Thurgood Marshall, wakili aliyeziongoza, ndiye aliyewashauri wajumbe wa Kenya kuhusu haki za msingi katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960.

SWALI: Hofu ya ukomunisti ilisaidia au iliharibu? — Msomaji, Arusha

JIBU: Iliharibu zaidi. Baada ya migomo mikubwa ya mwaka 1946, Kongresi ilipitisha sheria ya Taft-Hartley, ya kubana vyama vya wafanyakazi, mwaka 1947 licha ya kura ya turufu ya Truman, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakatakiwa kuapa kwamba si wakomunisti. Waliofukuzwa mara nyingi ndio waliokuwa wakiunganisha weusi na wazungu katika chama kimoja. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi, alinyang'anywa pasipoti mwaka 1950, na W.E.B. Du Bois, msomi mweusi na mmoja wa waasisi wa NAACP, alishtakiwa mwaka 1951, ingawa aliachiwa. Hata Ralph Bunche, mwanadiplomasia mweusi na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 1950, ambaye miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili London kwa Jomo Kenyatta, alihojiwa uaminifu wake mwaka 1954. Upande wa pili ni huu: mwezi Desemba 1952 serikali yenyewe iliiandikia Mahakama ya Juu kwamba ubaguzi unaipa Moscow silaha ya maneno, na hoja hiyo iliwekwa mezani majaji walipokuwa wakiitafakari kesi ya Brown.

SWALI: Je, familia za askari weusi walionyimwa zimewahi kulipwa? — Msomaji, Toronto

JIBU: Hapana. Muswada wa kuwarudishia wajane na wazao wao haki hizo, wenye jina la Sajini Woodard, ulifikishwa bungeni mwaka 2021, na haukupitishwa.