Mwanangu, kuhusu ile dawa nyepesi uliyoniuliza

Waalaykumu salamu mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza, na ile ya pili uliyoituma usiku ukilia nayo nimeisikiliza, usione haya. Umeniuliza kwa nini mie mtu mzima wa miaka 71, nina sukari nina presha, na sasa saratani hii ya ziwa, yaani ya titi, nimekubali kutiwa kemo kali, zile dawa za mshipani za kuua saratani, wakati wanawake wa umri wangu wanapewa vidonge vyepesi wanakaa zao majumbani. Ukasema kwani hao madaktari hawaoni umri? Nakujibu kwa kuandika mana kwenye simu ukianza kulia na mie nasahau nilotaka kusema, halafu dada yako hukaa pembeni kila neno analo la kuongeza.

Umri wameuona. Tena ndo kitu cha mwanzo walichokitazama, ila hawakutazama ile namba kwenye kitambulisho wakaishia hapo. Daktari kaniuliza napika mwenyewe au napikiwa, sokoni naenda kwa miguu, nimeanguka karibuni, nasahau sahau, dawa zangu za kila siku ni zipi nizitoe kwenye mkoba zote, na nani analala na mie ndani. Akanambia nitembee ukumbini huku kashika saa! Nikamwambia mie natoka Wete, Pemba, kwetu vilima, ukumbi huu nini. Wakapima figo, wakapima ini, moyo wakaupiga eko, ile picha ya mawimbi ya sauti, kwa sababu dawa moja ya kemo, ile nyekundu, inaweza kuudhoofisha moyo na kwa mtu mzima mwenye presha hatari inazidi. Kuna mtu wa miaka 60 hiyo dawa haimfai kabisa na kuna mtu wa 75 anaimudu. Mie wakaona naimudu, kwa masharti, na masharti ntakwambia huko mbele.

Sasa hao wenzangu uliowataja. Najua unamkusudia yule bibi wa nyuma ya msikiti, kapasuliwa akapewa vidonge vyake vya tamoksifeni na mpaka leo anakwenda harusini. Kheri yake, lakini maradhi yake siyo yangu. Wanawake wengi wa umri wetu wakipata saratani ya ziwa inakuwa ile inayokula homoni, sasa ukiiziba homoni inadhoofika, ndo kazi ya vile vidonge. Kile kinyama walichonikata wakakipeleka maabara kimepimwa vitu vitatu, vipokezi vya homoni ya istrojeni, vipokezi vya homoni ya projesteroni, na protini inaitwa HER2. Vyote hamna. Kwa hiyo tamoksifeni ningemeza mpaka meno yang'oke isingenisaidia kitu, na ile sindano ya HER2 ambayo mwenzangu mmoja wodini anachomwa nayo hainihusu. Hii wanaiita hasi tatu. Katika saratani 100 za ziwa kiasi 10 mpaka 15 ndo huwa hivi, na kwa wanawake wa umri mdogo huonekana zaidi kuliko kwa sie mabibi, lakini mabibi tumo. Na yangu ni gredi ya 3, maana yake inakua mbio.

Hapo kwenye kukua mbio ndo penye jibu lako. Kemo inaua chembe ya mwili inapotaka kujigawa, basi saratani inayojigawa kwa pupa ndo inayopigwa zaidi. Ila ni kama juya la kukokota, halichagui, linazoa na vidagaa, ndo mana nywele zinatoka na mdomo unachubuka na tumbo linachafuka, mana na huko chembe zinajigawa kila siku. Mie nilipofahamu hivyo nikaacha kuiogopa. Nikiumwa na mdomo nilikuwa najua kwa nini unauma.

Na vidonge vyepesi, haya. Nilimuuliza swali lako hilo hilo kabla hujaniuliza wewe, na hakunipa jibu la "tuachie sisi wataalamu" kama wengine wanavyofanya, alikaa chini. Kanambia kuna utafiti ulitolewa Marekani 2009, wanawake 633, wote wa miaka 65 kwenda juu, saratani ya ziwa ya mapema. Wengine wakapewa kemo ya kawaida na wengine vidonge vya kapesitabini, nayo ni kemo ila ya kumeza, siyo kama tamoksifeni, kwa fikra kama yako kwamba mtu mzima apewe kilicho rahisi. Wale wa vidonge, uwezekano wa maradhi kuwarudia ulikuwa mara 2 ya wenzao, na kufa karibu mara 2 vilevile. Na tofauti ilionekana zaidi kwa wale ambao saratani yao haili homoni, yaani kama mie. Hakunificha na upande wa pili, kwamba waliotiwa kemo waliteseka na dawa zaidi, 64 katika kila 100 walipata madhara ya maana na wale wa vidonge 33. Nikampigia mahesabu hapo hapo. Nikasema kama mateso ni ya miezi na maradhi kurudi ni ya moja kwa moja, nitie.

Lakini hivyo vidonge usivitupe, zamu yao inaweza kuja. Mie wameanza na kemo kwanza halafu ndo operesheni, ili waone kinundu kinanywea au hakinywei. Wakishakata wataangalia kama kuna saratani imebaki hai mle. Ikiwa haipo kabisa ndo bora ya mambo. Ikiwa imebaki, hapo ndo kapesitabini inaingia, kuna utafiti wa Japani na Korea Kusini wa 2017 ulioonesha kwamba kuongeza vidonge hivyo baada ya operesheni kunawasaidia watu, na hasi tatu khasa. Na kinundu changu kimenywea, mie mwenyewe nakigusa nakiona, zamani kilikuwa kama ndimu. Basi tusubiri.

Umeniuliza pia naishije. Hilo dada yako kakwambia vibaya, yeye anakwambia siku zile mbovu tu.

Ile dawa nyekundu nimeshaimaliza alhamdulillah. Ilikuwa kila baada ya wiki kadhaa, na siku ya pili ya tatu ndo nakuwa si mtu, nalala tu, harufu ya kitunguu kikikaangwa nyumba ya pili naijua. Mkojo unatoka mwekundu siku ya mwanzo, shangazi yako kapiga ukelele chooni akidhani damu, na tulishaambiwa! Halafu narudi taratibu. Uji wa mchele wa tui, boga, changu wa kuchemsha bila ndimu wala pilipili mana mdomo haukubali, na kusukutua maji ya chumvi. Vya kutafuna vyote vilikuwa na ladha ya msumari.

Kubwa lilikuwa homa. Baada ya wiki moja mpaka mbili tangu kutiwa dawa, zile chembe nyeupe za damu zinashuka chini, mwili hauna askari, na mtu mzima ndo zaidi. Wakanambia joto likifika 38 hakuna kulala nayo hakuna panadoli, hospitali saa hiyo hiyo hata saa nane usiku. Sasa Pemba saa nane usiku unapanda boti gani? Ndo sababu nimekaa Unguja kwa shangazi yako muda wote huu, siyo kwamba nimegombana na dada yako kama ulivyosikia. Hilo lilikuwa sharti la daktari, niwe mahali naweza kufika kwa gari. Sharti jengine sindano ya kupandisha hizo chembe, ile inauma mifupa, kiuno mpaka mapaja, usiku mzima natafuta pa kuuweka mguu. Sharti jengine sukari.

Kwenye sukari nikuchekeshe. Hii dawa ya sasa, paklitakseli, wananitia kila wiki kidogo kidogo kwa sababu ya umri, na kabla yake wanakutia steroidi ili mwili usiikatae. Hiyo steroidi inapandisha sukari. Dada yako kaja Unguja akapima akaona namba, akafungua makabati ya shangazi yako yote anatafuta halua! Mpaka nesi akamueleza ndo akaniomba radhi.

Paklitakseli haina vituko vya tumbo sana ila vidole. Ganzi. Nyayo nazo, nakanyaga kama nimevaa soksi. Ile kofia ya viua niliyokuwa nakushonea imesimama, sindano siisikii mkononi, nimejichoma nikaona damu kwenye kitambaa ndo nikajua. Nilitaka kunyamaza wasije wakanipunguzia dawa, shangazi yako akasema mbele ya daktari. Na kweli wamepunguza kipimo, na daktari kasema bora hivyo kuliko nianguke nivunjike nyonga, mana mtu mzima akivunjika nyonga kwenye matibabu mambo yote yanasimama. Basi nakwenda chooni na bakora. Kofia utavaa ya dukani mwaka huu.

Nywele zimetoka zote, na nyusi. Nywele mtandio upo, nyusi ndo zinanifanya nionekane mgeni kwenye kioo. Wageni wanakuja kunitazama, ndo ada yetu na siikatai, ila wengine wanakuja na kikohozi wanataka wanikumbatie, shangazi yako anawasimamisha mlangoni kama bawabu, keshagombana na watu wawili watatu.

Ramadhani nilikula mchana. Ilinikaa vibaya moyoni, kwa umri huu sijawahi. Aya ipo wazi, mgonjwa atahesabu siku nyengine, na asiyeweza tena analisha maskini. Nimemuuliza sheikh kanambia subiri, ukipona utalipa, usiposhika afya utatoa fidia. Kwa hiyo nina deni, nalo ni sababu moja ya kutaka kupona.

Ami yako kaleta gunia zima la majani ya mstafeli, anasema kaona kwenye simu yanashinda kemo. Sikuyachemsha. Nimempa daktari orodha ya kila kitu kinachoingia mdomoni mwangu, habasoda na vyenginevyo, akasema majani hayo yasubiri mana hajui yatafanya nini na dawa kwenye ini langu. Kombe, yale maji yanayooshewa aya za Kurani, nakunywa. Ila yule mwalimu anayeniandikia nimemwambia maji achemshe kwanza, akanitazama kama nimekufuru.

Baada ya operesheni kuna mionzi, na hiyo ni Dar, Ocean Road, lile jengo la Wajerumani la miaka ya 1890 pale baharini ambalo tangu 1996 limekuwa taasisi ya saratani. Mionzi yangu ntatiwa huko. Ni kila siku ya kazi, wiki kama tatu mpaka tano, kwa hiyo tutatafuta pa kukaa, na hapo ndo pesa yako itakuwa na maana.

Mana nimesikia una fikra ya kuliuza shamba la Mtambwe unipeleke India kwa ajili ya ile dawa ya kuamsha kinga ya mwili, pembrolizumabu. Ipo kweli, Marekani waliiruhusu 2021 kwa hasi tatu ya mapema, na inasaidia. Lakini inaanzwa pamoja na kemo na inaendelea karibu mwaka, mie kemo nakaribia kumaliza na inakwenda vizuri. Shamba lile ni langu, aliniachia baba yako, na mikarafuu yake ndo inayomlisha dada yako na wanawe. Haliuzwi. Hilo sikuulizi, nakwambia.

Na kuna jambo hukuliuliza ila nalisikia ndani ya maneno yako. Nitafika mpaka wapi. Hii saratani ikirudi aghlabu inarudi miaka mitatu ya mwanzo, na ikivuka mitano khofu inapungua sana. Ikirudi ikiwa imeenda mapafuni au ubongoni, ntauliza tena kama nilivyouliza sasa, dawa itanipa nini na itanichukua nini. Ikiwa itanipa siku za kulala tu, basi nataka ile mofini ya maji ya kunywa kwa maumivu na nataka kuwa Wete kitandani kwangu. Dada yako nimeshamwambia, kalia kakubali. Sasa na wewe unajua, msije mkagombana mbele yangu.

Dada yako aende akapimwe, hasi tatu mara nyengine inatokana na kitu cha kurithi. Nawe usicheke, mwanamme anaweza kukibeba akawapa binti zake. Nikishajua kipimo cha damu ya ukoo kinapatikana wapi ntakwambia.

Usinitumie tena yale makopo ya vitamini, yamejaa chumbani. Tuma vijiti vya kupimia sukari vya ile mashine uliyoniletea, hapa vya aina hiyo sivioni madukani. Na mkija likizo njooni, ila mtoto mwenye mafua abaki na mama yake hoteli mpaka akauke.

Mama yako