Skripti yangu ikikwama haisimami
SWALI: Mambo fundi, nina kompyuta 12 za Ubuntu (mfumo wa Linux) hapa saiba, nimeandika skripti (faili la amri) ya kuweka programu zote ila amri moja ikifeli inaendelea tu, nikiirudia tena inaleta makosa ya folda, nifanyeje?

JIBU: Poa mkuu. Bash, programu inayosoma amri za skripti yako, ndo ilivyo, haijali, we chini ya mstari wa #!/bin/bash weka set -euo pipefail, itasimama penye kosa. Folda tengeneza kwa mkdir -p, ikikuta ipo haigombi. Na apt-get install, ile amri ya kuweka programu, iongezee -y, la sivyo utazunguka kompyuta zote 12 kubonyeza Y (mi yalishanikuta haya). Ukianza kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake (source code) tumia Make, chombo cha kujengea programu, ni mzee wa tangu 1976 ila yumo bado, anacheki saa mafaili yalipobadilishwa mwisho, anajenga yaliyobadilika tu.