Kusevu kwenye Ori ya pili
Kitufe cha kusevu usikitafute, hakipo. Gemu ya video ya Ori and the Will of the Wisps (2020) inasevu yenyewe kadiri unavyosonga mbele. Soul Link, yaani kusevu mwenyewe, ilikuwa ya gemu ya kwanza, Ori and the Blind Forest (2015): unashikilia kitufe, inakula nishati, na ukisahau kuiweka, ukifa unarudishwa mbali. Sasa nishati inatumika kwa upinde wa Spirit Arc na kwa Regenerate, inayorudisha uhai, kwa hiyo usiimalize kwa mishale ukiwa na bosi (adui mkubwa) mbele. Kisima cha Spirit Well hujaza nishati na uhai. Ila waliozoea ya kwanza hukwama kwingine: Sein, nuru iliyomfuata Ori na kulenga adui, hayupo, unasogea mwenyewe na kukata kwa upanga wa Spirit Edge.