Maswali ya Wasomaji: Seva ya Majina ya Vikoa Hupimwaje?

SWALI: Ninasimamia mitambo ya kompyuta katika chuo kimoja. Seva yetu inayowatafutia wanafunzi anwani za vikoa (yaani namba za mtandao za majina kama ya tovuti) sasa hupokea maombi karibu maradufu ya muhula uliopita, ilhali wanafunzi hawajaongezeka. Je, tununue mashine kubwa zaidi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Msinunue chochote kabla hamjajua maombi hayo ni ya nini. Watafiti wa San Diego, Marekani, walipochambua maombi ya siku moja ya mwaka 2002 yaliyofika kwenye seva ya mzizi iitwayo F (seva za mzizi ndizo za ngazi ya juu kabisa katika mfumo wa majina ya vikoa), walikuta kwamba asilimia 2 tu ndiyo yaliyokuwa na sababu ya kufika huko, na mengi ya yaliyobaki yalikuwa yale yale yakirudiwa. Hata baadaye, vivinjari vya jamii ya Chromium, kama Chrome, vilikuwa vikiuliza majina matatu ya kubuni kila vilipofunguliwa, ili kubaini kama mtandao hutoa majibu ya uongo kwa majina yasiyokuwepo. Tabia hiyo ilipoondolewa kuanzia mwishoni mwa 2020, mzigo wa seva za mzizi ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Anza, basi, na programu kama dnstop, utenganishe maombi kwa kompyuta iliyouliza, jina lililoulizwa na aina ya jibu. Majibu ya "jina halipo" yakijaa, aghalabu chanzo ni kompyuta chache zenye programu mbovu au virusi. Majibu ya SERVFAIL (seva imeshindwa kupata jibu) yakiongezeka, hayo ningeyashughulikia kwanza, kwa kuwa mtumiaji ameondoka mikono mitupu.

Kasi ipime kwa dig, programu ya kuiuliza seva jina moja moja, ukiwa katika maabara ya wanafunzi, si ndani ya seva yenyewe. Wastani peke yake hudanganya: majibu yaliyokwisha kuhifadhiwa hutoka kwa milisekunde chache na kuwaficha wanaosubiri sekunde nzima, kwa hiyo tazama pia muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauvuki.

Uwezo wa mashine upime kwa dnsperf, programu ya kuirushia seva maombi mengi, usiku, ukirudia maombi halisi mliyoyarekodi (mkiisha kufuta anwani za walioyauliza, maana rekodi hizo hufichua nani alitembelea tovuti gani) na kuongeza kasi hadi majibu yaanze kupotea. Kiwango hicho kikikaribia kile cha saa zenu za msongamano, hapo utakuwa na hoja ya kumpelekea mhasibu.