Kilo nne nilizobeba bure

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nimeshazamia mara thelathini lakini miguu bado inaning'inia, natimua mchanga mpaka wenzangu wananikimbia. Niongeze risasi?" (Risasi ni vile vipande vizito vya madini tunavyojifunga ili tuzame.) Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyo ni mimi wa zamani.

Miaka miwili nilizamia na kilo 10 kiunoni. Siku ya kwanza nilikuwa na woga, mapafu nimeyajaza, nikagoma kuzama. Badala ya kuniambia nitoe pumzi, kiongozi wangu alinichomekea risasi nyingine, na mimi sikuuliza. Baadaye wakanipiga video: wenzangu wamelala kama samaki taa, mimi nimesimama wima kama farasi wa baharini. Jina likaniganda. Wao wanacheka mpaka leo, mimi bado.

Hakuna aliyenieleza kwamba kila kilo ya ziada huilipia kwa hewa kwenye koti, lile la kuzamia linalojazwa hewa ili uelee. Hewa hiyo inakuinua kifua, risasi inakuvuta nyonga, basi unainama kama ngazi. Kila ukipiga mapezi unapanda badala ya kwenda mbele, na mtungi wa hewa mgongoni unaisha kabla ya wenzako.

Kwa hiyo, dada yangu, usiongeze. Punguza, ila kilo moja kwa kila mzamio, na ujipime mwishoni: mita 5, geji ya mtungi inasoma baa 50 (hewa inakaribia kwisha), koti tupu, pumua kawaida. Ukitulia hapo, umefika. Ukivutwa juu, rudisha moja. Kujipima mtungi ukiwa umejaa ni kujidanganya, maana hewa ya mtungi wa lita 12 ina uzito unaozidi kilo 2, na ule wa alumini ukikaribia kwisha huelea wenyewe. Mimi niliishia kilo 6. Mbili kati ya hizo nikazihamishia kwenye mkanda wa mtungi, karibu na mabega, na mtungi wenyewe nikaupandisha kidogo. Nne zilizobaki zikae mahali unapoweza kuzitupa kwa mkono mmoja. Hilo silijadili na mtu.

Na muache kuona haya kuuliza! Risasi unabeba wewe, si aliyekupa.

Jumamosi nilikaa mita 5 dakika tatu nzima, nimelala bapa, mikono nimeikunja, sikupiga pezi hata mara moja. Siku hiyo, bila shaka, hakuna aliyekuja na kamera.